Sauti Iliyotuzidi Watatu

Mtu akiniuliza kwa nini mchezo wetu haukuisha, huwa nampa jibu la haraka. Namwambia msimu wa korosho uliingia, mwenzetu mmoja akabadilishiwa zamu kazini, na mimi nikawa na mitihani ya kusahihisha. Hayo yote ni kweli, ila hakuna hata moja lililo sababu. Korosho zilikuwepo hata mwaka uliotangulia, na zamu, na mitihani, na bado tulikutana kila Jumapili kama watu waliotumwa.

Tulikuwa watatu, tuliosoma pamoja sekondari hapa Masasi. Mmoja alikuwa fundi simu, mwenyeji wa Chiwata, mwenye kibanda karibu na stendi. Wa pili alikuwa nesi, mzaliwa wa Newala, aliyepanga chumba na sebule Mkomaindo ili awe karibu na hospitali. Wa tatu ni mimi, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi huku Lisekese. Tangu tuanze kazi tuliacha kuitana kwa majina. Tuliitana Fundi, Nesi na Mwalimu, mwanzo kwa utani, mwisho ikawa ndiyo mazoea.

Jambo lenyewe lilianza siku ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika na Fundi hakuwa na la kufanya, akatukaribisha kibandani mwake tujisitiri. Nesi akaanza kutusimulia habari za mzee mmoja wodini aliyekataa sindano. Sijui niseme vipi alivyosimulia. Watu wengi wanaigiza wenzao kwa kubana pua na kukunja uso. Nesi hakugusa uso wake. Aliketi vile vile, mikono mapajani, na mzee yule akatoka kinywani mwake, na mke wa mzee, na daktari kijana aliyechoka, kila mmoja na pumzi yake. Nilikuwa nimemfahamu tangu tukivaa sare za shule, na siku ile nilimtazama kama mtu mgeni.

Fundi alikuwa amerekodi bila kutuambia. Jumapili iliyofuata alituita, akaweka spika ndogo mezani tukaizunguka. Tulisikia wodi. Kitanda cha chuma kilisukumwa kikalia, mtoto alikohoa mbali kidogo, mvua ilipiga bati, na katikati ya hayo yote mzee alikuwa anakataa sindano. Nywele zilinisimama.

"Uliingia wodini lini?" Nesi akamuuliza. "Nani alikuruhusu?"

"Sijaingia popote," akasema Fundi. "Kitanda ni gurudumu la baiskeli halina grisi. Kikohozi ni changu."

"Na mvua?"

Akainama, akatoa ungo chini ya meza. Ndani mlikuwa na korosho ghafi. Akauzungusha taratibu, na mvua ikanyesha mbele ya macho yetu.

Hapo ndipo tulipokubaliana tutengeneze mchezo wa kusikiliza, tuugawe kwa simu, na Mungu akijalia tuupeleke kwenye redio. Hadithi aliitoa Nesi. Bibi yake mzaa mama alikulia Newala wakati uwanda wa juu haukuwa na maji hata kidogo. Wanawake walishuka mteremko mzima kwenda kuchota chini bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, na maji yale yakanywewa kwa adabu. Bibi huyo alikwisha fariki, lakini Nesi alikua akiisikia habari hiyo kila akimwaga maji ovyo. Mimi nikapewa kazi ya kuandika. Nesi angetoa sauti zote za wanawake. Fundi angetengeneza dunia yao.

Ningependa niseme vizuri jinsi miezi ile ilivyokuwa, maana sijawahi kuipata tena. Tulikutana sebuleni kwa Nesi baada ya yeye kutoka kanisani na mimi na Fundi kumaliza swala ya adhuhuri. Tulisimamisha magodoro ukutani, tukatundika vitenge madirishani ili sauti isirudi. Kulikuwa na joto la kuokea mkate. Fundi aliingia na magunia ya vitu vyake. Tawi lililokatika lilikuwa kopa la muhogo mkavu. Hatua za wanawake mchangani zilikuwa ngumi zake mwenyewe ndani ya beseni la unga wa mahindi, na unga ule baadaye tuliusonga ugali tukala.

Na tulikosoana bila huruma. Nesi angesoma sentensi yangu mara moja, akaweka karatasi chini.

"Mwalimu, hakuna binadamu anayesema hivi. Mtu ana mtungi kichwani, anapanda mlima, wewe unampa methali?"

Nilikasirika, nikaiandika upya palepale kwa kalamu ya hasira, na ikawa nzuri. Nami nilimwambia Fundi kwamba upepo wake unafanana na mtu anayepuliza uji. Akafungasha mfuko wake akaondoka. Alirudi wiki iliyofuata na upepo mwingine, wa kitambaa cha hariri kilichovutwa juu ya ubao, na nilipousikia nilivuta khanga yangu mabegani. Neno tulilolitumia kuliko yote lilikuwa "hapana". Sikujua wakati ule kwamba neno hilo lilikuwa nguzo ya nyumba.

Sehemu ya kwanza ilipokamilika, Nesi aliwapa kinamama wanaofua mashuka pale kazini kwake waisikilize. Alinichukua nikaone. Waliweka simu ndani ya bakuli la plastiki ili sauti ikue, wakaendelea kufua. Kidogo kidogo mikono ikasimama. Mchezo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mtu mzima alibaki ameshika shuka linalochuruzika maji, akamgeukia Nesi.

"Yule mwenye mtoto mgongoni, alifika na maji?"

"Bado hatujaandika, mama."

"Basi andikeni upesi," akasema, kwa ukali kabisa, kama anayesema kuna mtu amekwama njiani na sisi tumekaa.

Tulirudi kwa miguu. Watu wa karatasi yangu, waliotengenezwa kwa unga na makopa, sasa walikuwa na mtu wa kuwahangaikia. Nilihisi woga fulani mtamu ambao sikujua jina lake.

Shule zilipofungwa tulikwenda Newala. Fundi alikuwa amesema bondeni kuna ukimya ambao hawezi kuutengeneza kwa ungo, lazima aufuate. Tulifikia kwa bibi mdogo, ndiye mdogo wake yule bibi wa Nesi aliyefariki. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mvutaji wa ugoro, na hakuwa na subira na wageni.

"Shikamoo bibi," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mmekuja kurekodi maji? Maji yako bombani siku hizi, fungueni."

Asubuhi alitupeleka ukingoni, upande ule watu wanaouita Shimo la Mungu. Nilikuwa nimeshafika Newala mara nyingi kwa shughuli za misiba na harusi, sikuwahi kufika pale. Unatembea katikati ya mikorosho na nyumba za watu, kuku wanapita, na ghafla ardhi inakwisha. Mbele yako hakuna kitu. Chini, mbali sana, kuna nchi nyingine kabisa, misitu na mashamba yaliyopauka, na Ruvuma umelala kama ukanda wa mchanga, na ng'ambo yake Msumbiji ikififia mpaka inachanganyika na mbingu. Upepo ulitoka chini ukatupiga usoni. Fundi, ambaye huwa hanyamazi, alishika kinasa sauti chake kifuani kama mtu aliyeingia msikitini amechelewa.

Bibi mdogo akatueleza. Walikuwa wakitoka kukiwa bado na ukungu, kwa msururu, na njia ilikuwa nyembamba. Wa mbele waliita na wa nyuma wakaitika, ili asipotee mtu. Kila mwanamke aliitwa kwa jina lake.

"Tuitie bibi," Fundi akamwomba. "Kama zamani."

"Nimwite nani?"

"Yeyote tu."

"Yeyote ndiye nani? Siwezi kumwita ntu asiyekuwa na jina."

Fundi akanitazama, mimi nikamtazama Nesi. Nesi akasema kwa sauti ndogo, "Mwite bibi."

Bibi mdogo akafunga kitenge chake upya kiunoni, akasogea ukingoni kuliko nilivyopenda, akaita. Lilikuwa jina la dada yake, na maneno ya Chimakonde ambayo mimi Myao sikuyaelewa yote, lakini sikuhitaji. Sauti haikutoka kama kelele. Ilitoka ndefu, nyembamba, ikapanda kidogo mwishoni kama mkono unaonyooshwa. Ikashuka bondeni. Tuliisikia ikienda.

Halafu kukawa kimya. Upepo tu.

Halafu kutoka chini, mbali mno, mwanamke akaitika.

Sikuweza kuona mtu. Kulikuwa na miti na vipande vya mashamba kama viraka. Sauti ile ilikuja ndogo lakini kamili, ndefu kama ile iliyoita, ikapanda vile vile mwishoni, ikakatika. Nilimshika Nesi mkono na mkono wake ulikuwa wa baridi. Alikuwa analia, macho wazi, bila kuyafuta. Fundi hakutikisika, nilijua bado anarekodi kwa sababu hakuwa anapumua.

Bibi mdogo alitoa kopo lake la ugoro.

"Haya, imeitikwa," akasema. "Twendeni, jua linapanda."

Nikiyakumbuka leo naona mchezo wetu ulikwisha pale ukingoni, ingawa tuliuburuta miezi mingine. Kila mmoja wetu aliondoka na kitu, na kila mmoja alidhani wenzake wameondoka na kitu kile kile.

Mimi niliondoka na mwisho wa hadithi. Nilijua kabisa mahali pa kuuweka: yule mwenye mtoto mgongoni amechoka, amekaa chini njiani, ukungu umemfunika, wenzake wamemwita mara ya mwisho, na yeye, kutoka chini, anaitika. Nilirudi Masasi nikaandika kama mtu mwenye homa.

Fundi aliondoka na sauti. Aliniambia baadaye kwamba alipoivaa masikioni usiku ule ule wa kurudi, aliona unga na makopa yake yote ni michezo ya kitoto. Hakutaka tena maneno. Alitaka upepo, mwito, kimya na mwitiko, basi.

Nesi aliondoka na bibi yake. Alijua kama sisi kwamba kule chini kulikuwa na mtu wa kawaida na jembe lake. Lakini jina la marehemu liliitwa na sauti ikajibu, na yeye alikuwapo. Hakuwa na hakika kama kitu cha namna hiyo kinagawiwa watu kwenye makundi ya simu, kikae kati ya tangazo la dawa ya minyoo na picha za mechi.

Kama tungeyasema hayo waziwazi Jumapili ya kwanza, pengine tungegombana tukapatana. Hatukuyasema. Na hili ndilo linalonishangaza mpaka leo: tulikuwa wapole. Kile kitu kilikuwa kikubwa, na kila mmoja aliogopa kukivunja mkononi mwa mwenzake. Nilisoma sehemu yangu mpya, Nesi akasema, "Sawa, Mwalimu." Sikuwahi kusikia "sawa" ya Nesi. Fundi alitusikilizisha upepo mpya ulioburuza sana, nikasema, "Sawa tu, ni nzuri." Vitenge vilibaki madirishani, joto lilikuwa lile lile, na hakuna aliyesema hapana.

Baadaye korosho zikaanza kudondoka, Fundi akaenda Chiwata kumsaidia baba yake kuokota. Zamu za Nesi zikahamia Jumapili. Kundi letu la simu, ambalo lilikuwa na sauti za kubishana kutwa nzima, likajaa picha za maua zilizoandikwa "Jumapili njema". Mtu aliyeona kundi lile angedhani tunapendana kuliko zamani.

Tulikutana mara moja zaidi kwa ajili ya kazi ile, kwa Nesi, mavuno yalipopungua. Fundi alikuja na kitu chake. Hakueleza. Aliweka spika mezani akaenda kusimama mlangoni, mgongo umetuelekea.

Mungu ni shahidi, sijasikia kitu kama kile. Kilianza na ukungu. Usiniulize ukungu unasikika vipi, niliusikia. Kisha hatua, za watu wengi, zinakuja na kupita karibu na sikio, pumzi za watu, maji yanayogonga ndani ya mitungi. Hakuna aliyesema neno. Mwito ukaja, lakini alikuwa ameuvuta na kuutandaza mpaka ukawa mpana kama bonde lenyewe, na mwitiko ukaota ndani yake kama jani. Ilipokwisha niligundua nimesimama.

Na katika kitu kile kizuri namna ile hapakuwa na neno langu hata moja. Nilistaajabu na nikaumia kwa wakati mmoja, na sikujua moyo unaweza kufanya yote mawili bila kupasuka.

"Ni nzuri, Fundi," Nesi akasema. Nilisubiri. Hii haikuwa "sawa" yake ya siku zile. "Ni nzuri sana. Lakini bibi mdogo hayumo."

Fundi akageuka. "Hayumo vipi? Yeye ndiye yote. Kitu kizima ni yeye."

"Umemvuta mpaka hana jina. Alikuambia hawezi kumwita mtu asiye na jina. Wewe umelifuta."

"Nimelifanya likubwa."

"Kwa nani?"

Fundi akanitazama mimi, akitaka nimsaidie, na Nesi naye akanitazama. Nikasema kwamba kwenye andiko langu jina limo, na mtu anaitika kwa sababu maalumu, na kama wangekubali tufuate hadithi... Nikaona nyuso zao. Walikuwa wananisikiliza kwa heshima, kama wanavyosikilizwa wageni rasmi.

"Nitachemsha chai," akasema Nesi.

Tulikunywa chai na mihogo ya kukaanga. Tuliongea habari za mwenzetu mmoja wa shule aliyeoa. Fundi aliondoka na spika yake, na sisi wawili tukashusha magodoro ukutani, tukarudisha vitenge kabatini. Nesi alikunja kimoja polepole.

"Hatujagombana, au tumegombana?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema. Na sikujua.

Miezi ikapita. Wakati wa likizo nyingine Nesi alitaka kwenda kumwona bibi mdogo, nikamsindikiza. Alikuwa na ile sauti kwenye simu yake, ile asili, ambayo Fundi hajaigusa, na alitaka kumuuliza mwenyewe kama anakubali watu waisikie. Bibi mdogo aliibana simu sikioni akafumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena.

"Sauti yangu imekuwa mbaya," akasema. "Na huyu aliyeitika, mlikwenda kumsalimu?"

Tulitazamana.

"Nani, bibi?" Nesi akauliza.

"Huyu! Ameitika, ntu mzima, ameacha kazi yake ameitika. Hamkwenda?"

"Tulidhani..." Nesi akaanza. "Uliita jina la bibi."

"Dada yangu nimemzika mwenyewe, kaburi lake nalijua. Huyu ni ntu, ana shamba huko chini."

Akaturudishia simu na kuendelea kupepeta mtama. Nesi aliweka mkono mdomoni. Nadhani alitaka kucheka. Mimi nilihisi kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na iko usoni. Tulikuwa tumeshindana kwa heshima miezi yote ile, sauti ni ya nani, iwekwe wapi, ifutwe nini, na katika watu watatu waliosoma hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kuna mwanamke aliyefungua kinywa.

Nilimpigia Fundi. Nilimweleza nikitarajia aniulize maswali. Alisema neno moja tu, "Nakuja," na kesho yake asubuhi pikipiki yake ilikuwa uwanjani kwa bibi mdogo, yeye amepauka vumbi mpaka kope.

Tulishuka. Njia ni ile ile waliyoshuka kinamama, na sasa nilijua kwamba sijui chochote nilichokiandika. Hakuna sentensi yangu iliyokuwa na magoti. Magoti yanatetemeka, mawe yanakimbia chini ya kandambili, na kila ukigeuka ukingo uko juu zaidi. Nesi alikuwa mbele. Kila mara alisimama, akatazama juu, akatikisa kichwa. "Na mtungi," alisema peke yake. "Na mtoto."

Chini tulimkuta mzee anakata mianzi, tukamuuliza ni mashamba gani yanayotazamana na ukingo. Akatuelekeza. Tuliuliza tena kwa kinamama waliokuwa wakipura, wakacheka, wakasema wao hawaitiki watu wa juu, watu wa juu wana kiburi, lakini jaribuni kwa yule, anapenda kuitika. Wakatuonyesha shamba la ufuta na banda dogo la makuti.

Alikuwa mdogo kuliko sisi. Mtoto alikuwa mgongoni, jembe mkononi, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakua na Msumbiji ndani yake. Tulisalimiana, akatutandikia mkeka kivulini. Nesi akamweleza, kwa kirefu, akirudi nyuma na mbele, mpaka akafika kwenye ule mwito.

"Nakumbuka," mwanamke akasema. "Mwanamke mtu mzima. Sauti inapanda hivi." Akaionyesha kwa kidole.

"Ulisikia jina?"

"Jina sikusikia. Mbali."

"Sasa kwa nini uliitika?" Fundi akauliza. Alikuwa ameegemea mbele mpaka karibu aanguke.

Mwanamke alimwangalia kama anayepima kama huyu mtu ni mzima.

"Mtu ameita," akasema. "Labda amepotea. Labda ameumwa na nyoka. Usipoitika atadhani hakuna watu."

Nyuki walikuwa kwenye ufuta. Nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa nikitafuta sababu ya mtu kuitika, na nilimpa mtungi, ukungu, mapenzi, laana ya mama mkwe. Nikamtazama Fundi nikaona naye uso umemshuka. Nesi akampa simu asikilize. Alisikiliza sauti yake ikitoka mbali kule, akaangua kicheko kilichomwamsha mtoto.

"Huyu ana njaa!" akasema. "Asubuhi ile sikuwa nimekula."

Alituwekea ming'oko, viazi vya porini vilivyochemshwa, na chumvi na pilipili kwenye jani. Tulimenya tukala, vidole vikanata. Nesi alimpima mtoto kwa macho na mikono kama afanyavyo kazini, akamwambia mama yake amlete kliniki, na mama akaahidi kwa namna ambayo wote tulijua hataleta mpaka ufuta uishe. Tulipoaga alitusindikiza mpaka mwanzo wa mteremko.

Kupanda kulikuwa kugumu mno. Katikati tulikaa juu ya jiwe.

"Tungeumaliza," Fundi akasema, "ungekuwa mchezo mzuri kuliko yote iliyowahi kusikika huku kusini."

"Hapana," akasema Nesi.

Nilishtuka, kisha nikafurahi. Sikuwa nimelisikia neno lile kwa muda mrefu.

"Tusingeweza kuumaliza," akaendelea. "Kila mtu alikuwa na mchezo wake. Tulikaa chumba kimoja tu."

"Hiyo si sababu," Fundi akasema. "Watu wote wako hivyo."

"Ndiyo maana mingi haimaliziki."

Walibishana vile mpaka wakaishiwa pumzi, na mimi niliwasikiliza nikiwa na furaha ya ajabu. Nilitamani kusema kwamba tuanze tena. Sikusema. Nilijua tungekubali wote, kwa upole, na ingekuwa "sawa" nyingine. Hatujauanza tena na sidhani tutauanza. Fundi sasa hivi anatengenezea redio moja ya huku sauti za vipindi vya watoto, na ninapousikia mto wake huwa nazima jiko ili nisikie vizuri. Nesi anawasimulia wagonjwa wadogo wodini, bila kinasa sauti, wanaosikia ni hao hao. Mimi naandika na wanafunzi wangu, na ninajifunza kutowapa watu methali wakiwa wamebeba mizigo.

Tulipofika juu siku ile bibi mdogo alikuwa ameshapika, na alikuwa amenuna kwa sababu chakula kimepoa.

"Mmemwona?"

"Tumemwona, bibi."

"Haya, ntu wa namna gani?"

Tukaanza kumwambia wote kwa mpigo. Fundi alisema ana sauti pana, inatoka kifuani, na anacheka kabla hajamaliza neno. Nesi alisema amekonda, miguu imevimba kidogo, mtoto anahitaji chanjo. Mimi nikaanza kusema alivyosema. Fundi akanikatiza kwamba hakusema hivyo, alisema kwa ukali. Nesi akasema haukuwa ukali, ni uchovu. Bibi mdogo alituangalia mmoja mmoja, mwiko mkononi.

"Hawa wamekwenda kwa watu watatu," akamwambia jirani yake aliyekuwa ameketi pale nje.

Akatupakulia ugali wa muhogo na majani ya kunde, akatuambia tunawe mikono kwanza.